Samaki Niliyemkataa Gatwekera

Nekesa alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nachambua maharagwe, na kabla hata hajanisalimu akasema, "Rahabu, Mama Atieno ametuacha." Nikamwuliza Mama Atieno yupi, kwa maana Nairobi hii akina Mama Atieno ni wengi. "Yule wako," akasema. "Wa Gatwekera. Wa samaki." Akanieleza kwamba watu wanakutana kwa bintiye huko huko Kibera, mwili utasafirishwa Ijumaa kwenda kwao ziwani, na nikiweza nifike Alhamisi mchana. Nikasema nitafika. Maharagwe niliyaacha mezani, nikaenda kuvuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda.

Ndani ya sanduku hilo mna daftari zangu. Nimeandika karibu kila siku tangu nikiwa msichana, si kwa sababu nina mengi ya kusema, bali kwa sababu nasahau, na nikisahau naanza kujipamba. Daftari za mwaka ule ni tatu, zenye jalada la buluu lililoliwa na mende. Ni mwaka nilioingia chuo kusomea ustawi wa jamii. Ya nyumbani kwetu nitayaacha, hayana uzito hapa. Itoshe kusema nilikuwa nimefika kidato cha pili tu, na nilikuwa msaidizi katika shule ya watoto wadogo ya kanisa pale Kawangware, ndipo nikapendekezwa. Watoto wangu wamesikia habari za mwaka huo mara nyingi, na kila mara nimewasimulia kama ushindi: mama yenu, wa kidato cha pili, akapata cheti, na ripoti yake ikasomwa mbele ya darasa. Yote hayo ni kweli. Ila nimekuwa nikiyasimulia kwa kuruka ukurasa.

Chuo chenyewe kilikuwa nyumba ya mawe nyuma ya kanisa, mwendo mfupi kutoka pale wanapopaita leo steji ya 56. Siku hizi pale huwezi kupita bila kuvutwa mkono na wasusi wa nywele. Wakati ule palikuwa na duka moja la misumari na mabati, kinyozi, na mahindi ya watu. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa. Ubao wa darasa ulikuwa umepasuka katikati, kwa hiyo kila alichoandika Madam Ndunge, mwalimu wetu mkuu, kilikuwa na mfereji. Alipenda kuchora duara. Mtu katikati, familia yake ikimzunguka, kijiji kikiizunguka familia, serikali ikizunguka kijiji. Nilikuwa nikijiuliza sisi tuko wapi katika duara hizo, lakini sikuwahi kunyoosha mkono, kwa sababu masomo yalikuwa ya Kiingereza na mimi niliogopa kuanza sentensi nisiyoweza kuimaliza. Niliandika maneno yalivyosikika, na jioni Nekesa, aliyekuwa na kidato cha nne na kitanda kilichopakana na changu, alinifafanulia huku amelala chali akila karanga. Bweni letu lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya kipande na kabichi, maana jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na kila lililosemwa huko tulilisikia.

Wiki ya tatu tulipewa karatasi ya kanuni. Ya sita ndiyo iliyotuletea kelele: mfanyakazi wa ustawi wa jamii hapokei chakula, kinywaji wala zawadi nyumbani kwa mteja. Mteja ndilo jina tulilofundishwa kuwaita watu tuliokwenda kuwatembelea. Nekesa alisimama. "Madam, mteja ni wa duka. Na mimi kwetu ukikataa chai yangu, nakuuliza tumekosana wapi." Darasa likacheka. Madam Ndunge hakucheka. "Nekesa, hapa si kwenu. Hapa ni kazi." Kwa muda mrefu nilimsimulia Madam Ndunge kama mtu mkavu, aliyesoma ng'ambo akasahau watu. Haikuwa haki. Jioni ile ile nilimsikia kupitia ukuta akimwambia mpishi, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mwaka uliotangulia mwanafunzi wake mmoja alikuwa akila kila alikokwenda, hadi mama mmoja wa Kibera akatoa blanketi la mtoto wake libadilishwe kwa kuku, ili mgeni wa chuo ale vizuri na jina la mtoto liandikwe. "Na yule mtoto alishikwa na kifua," akasema. "Mimi nilimwona, mama." Mpishi akamwita Mungu, "Ngai." Kwa hiyo kanuni ilikuwa na sababu, na sababu nzuri. Nimeliandika hili mapema ili lisije likapotea mbele.

Kila mwanafunzi alipewa nyumba mbili. Katika kila nyumba palikuwa na msichana aliyemaliza darasa la saba akakosa nafasi ya kuendelea, na kanisa lilikuwa na shule ya ushonaji yenye nafasi chache. Kazi yetu ilikuwa kutembelea kila nyumba mara tatu, kujaza fomu, mzazi aweke sahihi ziara ya tatu, kisha tuandike ripoti ya kupendekeza msichana mmoja. Pasipo sahihi, jina halipelekwi. Pasipo ripoti, hakuna cheti. Na tulikatazwa kabisa kuwaambia watu fomu ni ya nini, wasije wakajipanga au wakaumia moyo bure. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Kawangware, kwa Mama Nyokabi, watu wa lugha yangu. Walikuwa na ploti yenye vyumba sita vya kupangisha, na ungesema mwenye ploti ana shida gani; lakini baba Nyokabi alikuwa amehamia kwa mke mwingine, na kodi ilimfuata huko. Nyumba ya pili ilikuwa Gatwekera, kwa Mama Atieno. Mume wake alikuwa mpaka rangi, leo kazi ipo, kesho haipo, na yeye mwenyewe alifulia watu nguo. Nilikwenda huko kwa miguu, nikikata Ngong Road na Jamhuri, faili kwapani, viatu vyangu vya Jumapili vikiniuma.

Ziara ya kwanza nilimkuta akianika nguo. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia, na pazia lenyewe lilikuwa gunia la unga lililofunguliwa na kutariziwa maua mekundu na majani, mshono mdogo mdogo kama wa mashine. Nikauliza nani alifanya. Akaonyesha kwa kidevu binti mrefu aliyesimama mlangoni akijificha nusu. "Huyu. Akiona uzi hakai." Niliandika kwenye fomu: ana kipaji. Nilipoinuka, Mama Atieno aliona haya. "Leo umetupata vibaya. Hakuna hata majani ya chai. Next time usikuje kama mvua, sema siku." Nikamwambia Alhamisi ya wiki ijayo, saa saba mchana, kwa sababu ndivyo ratiba ya chuo ilivyosema. Sikuwaza kitu. Mtu mzima amwambie mama wa nyumba siku na saa, na saa yenyewe iwe ya chakula! Mtoto wa darasa la kwanza angejua kinachofuata.

Alhamisi niliingia nikakuta meza imetandikwa kitambaa. Watoto wawili wadogo walikuwa wamekaa kitandani, wameoshwa uso, kimya. "Atieno, letea mgeni maji." Atieno akaja na beseni na jagi, akapiga goti kidogo, na mimi nikanawa. Hapo ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Ningeweza kukataa kabla ya maji. Nilinawa kwa sababu sikujua namna ya kurudisha beseni, na mtu aliyenawa amekubali kula. Kisha akaletwa samaki. Ngege mzima, kichwa na mkia, kwenye sahani ya bati yenye maua, amelala katika mchuzi wa nyanya, jicho jeupe limenielekea. Binamu ya Mama Atieno alikuwa amemleta kwa basi kutoka Kisumu, amefungwa kwa majani na gazeti. Ugali ulikuwa unatoa mvuke. Sahani ilikuwa moja, ya kwangu.

"Asante sana mama," nikasema, "lakini siwezi kula. Siruhusiwi."

"Huruhusiwi na nani?"

"Na chuo."

Mama Atieno akainama akachungulia chini ya meza. "Chuo iko hapa? Mimi siioni. Hapa ni mimi na wewe. Kula, nyathina." Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yao. Alikuwa bado anatabasamu.

"Siwezi, mama. Pole."

Jirani mmoja mwanamke aliyekuwa ameegemea mlango akapasua kicheko. "Mama Atieno, unasumbuka bure. Wakikuyu hawakulangi samaki. Wanasema ni nyoka ya maji."

Tabasamu likaondoka. Mama Atieno akanitazama hivi, polepole, kuanzia viatu. "Ni hivyo? Ni samaki, ama ni sisi?"

Palikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumweleza habari ya blanketi na yule mtoto. Ningeweza kuchukua kipande kidogo nikaweka mdomoni, basi. Nilichofanya ni kufungua faili. "Tuendelee na fomu," nikasema, na sauti ilikuwa ya Madam Ndunge, si yangu. Akachukua sufuria tupu akaifunika ile sahani. Wale watoto wawili, waliokuwa wakingoja mgeni aanze ili na wao wapate, wakatazamana. Niliuliza maswali yangu yote, wanalala wangapi, maji wanateka wapi, na akanijibu kila moja kwa neno moja. Mpaka naondoka, sufuria haikuinuliwa.

Bwenini nilimweleza Nekesa nikitegemea anipe pole. Aliacha kutafuna. "Umenawa halafu ukakataa?" Nikasema ndiyo. "Wewe Rahabu," akasema, "heri ungemtemea mate." Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akageukia ukuta.

Ziara ya tatu nilikuta mlango umefungwa kwa ndani na moshi unatoka kwenye paa. Atieno alikuwa nje juu ya jiwe, anashona kitufe kwenye shati la mtu.

"Mama yuko?"

"Amesema hayuko."

"Amesema?"

"Eeh. Amesema nikuambie hayuko." Alijaribu kutocheka, na mimi pia. Kisha akaiangalia faili. "Hiyo fomu, mimi naweza kuweka sahihi? Najua kuandika."

"Hapana. Ni mzazi."

"Ni ya nini kwani?"

Nikamwambia siruhusiwi kusema. Neno lile lile tena. Akarudi kwenye kitufe chake. Nilirudi mara nyingine mbili, hilo nalo niliweke wazi, na mara zote mbili nikaambiwa hayuko.

Ripoti niliiandika kwa Kiingereza kwa siku nne. Kuhusu Nyokabi nilijaza kurasa mbili. Kuhusu Atieno nilifika pale pa sahihi nikakosa la kuandika, basi nikachukua sentensi kutoka ripoti ya mfano tuliyokuwa tumeikariri: mteja hakutoa ushirikiano. Ilinikaa vizuri kwenye karatasi. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyowahi kuandika bila kuogopa. Madam Ndunge aliisoma darasani, akasema hivi ndivyo mtu anavyolinda mipaka ya kazi hata akishawishiwa. Siku hiyo hiyo aliuliza kama kuna aliyevunja kanuni ya sita, na Nekesa, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona, akanyoosha mkono. "Mimi. Nimekula uji, viazi vitamu na omena. Omena ilikuwa na chumvi nyingi." Akarudishwa kurudia muhula mzima, akapata cheti chake mwaka uliofuata. Mimi nilipiga picha na changu, nimekishika kifuani kama mtoto.

Nyokabi ndiye aliyekwenda shule ya ushonaji. Alistahili. Nataka hilo lisomeke bila wasiwasi, kwa sababu lawama yangu ikimgusa yeye nitakuwa nimekosa mara ya pili. Ameshona maisha yake yote, ana kibanda chake karibu na 56 hadi leo, amesomesha ndugu zake kwa sare za shule. Nguo zangu nyingi ni za mkono wake.

Sasa, Jumatatu hii, baada ya simu, nilikaa sakafuni na zile daftari tatu nikitafuta Alhamisi ya samaki. Niliipata, nimeandika mengi, machozi na kila kitu. Lakini ili kuifikia nilipitia Jumanne ya wiki ile ile, ambayo sikuwa nimeisoma tangu nilipoiandika. Nainakili ilivyo: "Jumanne. Kwa Mama Nyokabi, ziara ya pili. Githeri ya moto na parachichi. Nimeshiba mpaka nimefungua kifungo. Amenifungia mengine ya kupeleka bwenini." Hakuna zaidi. Hakuna hata neno kuhusu kanuni ya sita. Niliisoma mara tatu. Nakumbuka sasa hata bakuli, la plastiki ya kijani, na Mama Nyokabi akisema, "Kula, maitu, umekonda na vitabu." Maitu ni mama, kwa lugha yetu, jina la kumdekeza binti. Haikunijia kabisa kwamba nilikuwa nakula kwa mteja. Ilikuwa githeri tu, mahindi na maharagwe ya mtu wa kwetu. Siku mbili baadaye nilipoletewa samaki, mnyama ambaye sikuwahi kumgusa kwa ulimi na ambaye jicho lake lilinitia kichefuchefu, ndipo nilipoikumbuka kanuni, yote, kwa namba. Miaka yote hii nimebishana na Madam Ndunge moyoni, kumbe kanuni yake ilikuwa shuka niliyojifunika. Au labda siyo yote. Labda nusu nilikuwa namtii kweli. Ningependa kujua ni nusu ipi, lakini daftari halisemi.

Alhamisi nilikwenda. Njia ile nisingeitambua. Yale maghorofa ya Nyayo Highrise yanakutazama ambapo zamani palikuwa wazi. Nekesa alinipokea relini, mnene, mwenye fimbo, ameifanyia Kibera kazi hadi kustaafu na kila mtu anamwita Mathe, yaani mama. Nyumbani kwa Atieno palikuwa na turubai, viti vya plastiki, redio ya nyimbo za kanisa. Atieno mwenyewe ni bibi wa wajukuu sasa, mrefu vile vile, anauza mitumba soko la Toi. Alinishika mkono akanitazama muda. "Wewe ndio ule msichana wa fomu," akasema. Halafu akamwita mjukuu wake, msichana, alete maji ya kunawa.

Nilinawa. Akaniletea sahani mwenyewe: ngege mzima na ugali.

"Atieno," nikasema, "kuna kitu nataka kukuambia."

"Kula kwanza."

Nilikula. Sijui kula samaki hata leo. Nilikuwa nachagua mwiba mmoja mmoja na kuupanga pembeni. Nekesa akaniambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Oneni huyu, anakula samaki kama anajaza fomu." Wakacheka, na Atieno akacheka, akavuta kiti karibu akanionyesha jinsi ya kuinua nyama ya mgongo kwa vidole ili mifupa ibaki. Nilipofika nusu ndipo nikamweleza. Nilieleza kwa mpangilio, kama ripoti: shule ya ushonaji, nafasi, sahihi, githeri, sentensi niliyoandika.

"Kwa hivyo ile fomu ilikuwa ya cherehani," akasema mwishowe.

"Ilikuwa ya cherehani."

"Mama alifikiria ni ya kubomoa. Wakati huo kila mtu mwenye karatasi alikuwa anahesabu nyumba za kubomoa."

Lazima nikiri kwamba nilipumua. Nikaona mlango wa kutokea: basi haikuwa samaki, ilikuwa hofu ya kubomolewa, hata ningekula asingeweka sahihi. Atieno alikuwa anawafukuza nzi kwenye sahani yangu kwa mkono. "Ndio maana aliagiza samaki kutoka nyumbani," akaendelea. "Alisema, huyu akikula, basi hajakuja kutubomolea. Nitaweka sahihi."

Redio ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine.

"Na yule alipata nafasi," Atieno akauliza, "alishona?"

"Alishona. Anashona mpaka leo." Kisha nikasema yaliyobaki. "Hii nimevaa ni yake."

Akainama, akashika pindo la gauni langu, akaligeuza ndani nje kama wafanyavyo watu wa mitumba, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akavuta kidogo kuona kama utaachia. Haukuachia.

"Amejua kushona," akasema. Akalilaza pindo juu ya goti langu, akalinyoosha kwa kiganja. Kisha akainuka kwenda kuwahudumia wengine, na akiwa tayari amenipa mgongo akasema, "Usiache kichwa. Kichwa ni cha mgeni."